Nyumba Iliyoshonwa Kinyume

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Viraka anavuta kiti chake kinyumenyume mpaka kigonge ukuta. Hapo ndipo anapokaa kila siku, kwenye baraza la duka la vyombo, cherehani mbele yake na ukuta nyuma yake. Hakubali kukaa mahali ambapo mtu anaweza kupita kisogoni kwake.

Mikononi ana suruali ya kijivu ambayo mwenyewe amenenepa na anataka kiuno kiongezwe. Macho yako barabarani. Anapiga mshono mmoja, anainua kichwa. Anapiga mwingine, anainua kichwa. Wanaume wa makamo anawatazama usoni. Wazee anawatazama mwendo.

"Huyu dada siku moja atajishona kidole," anasema fundi viatu anayekaa upande wa pili wa baraza, ambaye watu wote humwita Soli. "Halafu aniletee mimi nikipake gundi."

"Gundi yako haishiki hata kandambili," anajibu Mama Viraka, bila kumtazama.

"Kandambili ni kitu kigumu. Kidole ni rahisi."

Mama Viraka anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika. Mtu amesimama ng'ambo ya barabara, anasoma kitu kwenye karatasi. Mguu wa Mama Viraka unatulia kwenye pedali. Yule mtu anakunja karatasi yake, anaingia duka la dawa. Cherehani inaanza tena.

Ana miaka thelathini na minane. Jina la Mama Viraka alipewa na wateja, ingawa hajajaliwa mtoto. Suruali nane kwa siku kwake ni siku njema. Siku mbaya ni mbili, au hakuna. Jina hilo analipenda kwa sababu moja tu: halikuwa kwenye orodha.

Orodha hiyo ilifika mtaani kwao miaka kumi na minne iliyopita, katika mji mwingine, Jumamosi saa nne asubuhi. Ilikuwa siku ya kufua. Wanaume watano walipita mlango kwa mlango, na mmoja wao alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Alisoma majina kwa sauti ya mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani. Aliyesomwa jina lake alipewa mpaka saa sita awe ameondoka, yeye na watu wake wote.

"Hakupiga kelele," anakumbuka Mama Viraka. "Hicho ndicho kilichonitisha. Alipoingia ndani alinikanyaga mguu, akasema samahani. Akaendelea kusoma."

Majirani waliosomwa walikimbilia vyeti na picha za ukutani. Mama yake alikimbilia uani. Alizichomoa nguo kambani zikiwa bado zinachuruzika maji, akazifunga zote ndani ya shuka na kujitwika. Hata leo hawezi kueleza kwa nini. Nguo mbichi ndizo zilizokuwa mbele ya macho yake, basi.

Baba yake alikuwa seremala. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, kila mwaka kidogo. Wenzake walipokuwa wanatoka mbio, yeye alisimama kwenye mlango wa nyuma.

"Tangulieni," aliwaambia. "Nafunga hapa, nawafuata."

Hakuwafuata.

Tangu siku hiyo mama na binti wameishi katika miji minne. Huu ni wa nne, na wamekaa miaka sita katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama amekaribia miaka sabini sasa, na macho yake yameingiwa na ukungu. Lakini hajawahi kukubali aitwe mjane. Kwenye fomu za msaada, palipoulizwa hali ya ndoa, aliandikisha kwamba ameolewa. Wanawake wenzake wakija kumpa pole anawakaribisha kiti, halafu anawaambia, "Mume wangu amechelewa."

Katika sala zake humwombea mume kama anavyoombewa msafiri. Hamwombei kama anavyoombewa marehemu. Hizo ni dua mbili, na mwanamke aliyewahi kuzisema zote mbili anajua jinsi ulimi unavyokuwa mzito kutoka katika ile ya kwanza kwenda ya pili.

Zile nguo zilikauka njiani, na hazikuvaliwa tena. Zilikaa ndani ya shuka lao, chini ya kitanda, mpaka miaka mitatu iliyopita, panya alipotoboa kona. Mama Viraka alipozitoa kuzianika alikuta shati la kazi la baba yake limeanza kuachia kwenye mabega. Akaona ayashonee kitambaa kingine kwa nyuma, yasiendelee kuchanika. Alipomaliza alilitandaza kitandani, akaona kitu ambacho hakukipanga. Lile shati lilikuwa na umbo la karakana ya baba yake, chumba chake kidogo cha mbao kilichopinda kona moja.

Akaendelea. Ikawa ramani ya nyumba yao: chumba alicholala yeye alikikata kutoka kwenye sketi yake ya buluu. Chumba cha wazazi kilikuwa gauni la mama lenye maua. Jiko alilitengeneza kwa taulo la jikoni lenye alama ya sufuria iliyounguza. Foronya ikawa ukumbi, pazia la sebuleni likabaki sebule. Juu ya mlango wa mbele alitoboa matundu matatu ya hewa na kuyazungushia uzi, kwa sababu baba yake aliyapanga kwa pembe tatu na kujivuna nayo.

Mlango wa nyuma ni mfuko wa shati la baba. Una kifungo. Unafunguka.

Alishona kwa miaka miwili na miezi mitatu, Jumapili baada ya sala na siku ambazo wateja hawakuonekana. Chumba chao ni kidogo, kwa hiyo alishona kitambaa kikiwa kimekunjwa, kipande kwa kipande juu ya meza isiyozidi upana wa sinia. Hakuwahi kukitandaza chote hata mara moja.

Mtu wa kwanza kukiona alikuwa mwalimu wa sanaa aliyekuja kubadilisha zipu. Mwalimu huyo alikuwa anaandaa maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, ya kazi za mikono za watu waliohama makwao bila kutaka. Aliona kona ya kitambaa ikichungulia chini ya cherehani, akaomba aonyeshwe chote. Kisha akaomba kiende kwenye maonyesho. Mama Viraka alimkatalia mara tatu.

"Nilimwambia, mwalimu, unataka nitundike nyumba yetu ukutani, kila mtu aone tunapoingilia na tunapotokea?"

Aliyeamua ni mama. Kwa miaka miwili alikuwa anasikia mkasi ukikata upande wa pili wa pazia na haulizi kitu. Siku hiyo aliomba aletewe kitambaa mapajani. Alikipapasa muda mrefu, kidole kikifuata mishono kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba anayoijua. Alipofika kwenye kifungo alikifungua, akakifunga.

"Kipeleke," alisema. "Ila jina letu lisiandikwe."

Kikatundikwa bila jina. Siku ya ufunguzi Mama Viraka alikwenda, akasimama karibu na mlango wa kutokea, akaona migongo ya watu zaidi ya alivyoiona kazi yake. Picha ya kitambaa ilitoka gazetini. Yeye akarudi kwenye suruali zake akidhani mambo yamekwisha.

Siku ya nne mwalimu alimpigia simu akiwa anacheka.

"Mama Viraka, leo umepata mkaguzi. Kuna bwana mmoja na mwavuli wake, amekuja siku ya tatu hii. Anasimama mbele ya nyumba yako saa nzima. Eti anasema umekosea, jiko liko upande mwingine."

Mama Viraka hakucheka. Alikata simu, akachukua kitambaa kingine kidogo na chaki, akachora chumba kimoja, akakigeuza. Ndipo alipoelewa alichofanya.

Fundi nguo yeyote huchora upande wa ndani wa kitambaa, ule usioonekana, ili chaki isichafue upande wa nje. Ndivyo inavyofanywa kwa mkono wa shati na kwa kiuno cha suruali. Yeye aliichora nyumba nzima hivyo hivyo, upande wa ndani, bila kukumbuka kwamba ikigeuzwa, kulia kutakuwa kushoto. Kwa miaka miwili alikuwa anaitazama kwa nyuma, na kwa nyuma ilikuwa sawasawa.

"Mkono wa shati sijawahi kuugeuza hata mara moja," anasema. "Nikaigeuza nyumba ya baba."

Lakini kosa silo lililomtisha. Mamia ya watu walipita mbele ya kitambaa kile na kukisifu, na hakuna aliyejua kwamba kimegeuzwa, kwa sababu huwezi kulijua kosa la nyumba ambayo hukuwahi kuingia. Huyu bwana alijua jiko liko wapi. Alisimama pale siku tatu.

Mama Viraka alihesabu kwa vidole watu walioingia ndani ya nyumba ile. Ndugu zao walimalizika upesi. Baba angekuwa mzee sasa, na mwalimu alisema bwana; majirani waliozoea kuingia wangeuliza habari zao. Walibaki watano, wale wa Jumamosi, ambao hakuna aliyewahi kuwakamata wala kuwauliza, na ambao yeye na mama yake waliwaona nyuso zao mchana kweupe.

Siku hiyo alifunga cherehani saa sita. Alikwenda nyumbani akafunga mzigo: sufuria moja, dawa za macho za mama, mkasi, nguo mbili mbili. Mama yake alisikia fundo likikazwa.

"Tunahama?"

"Napanga vitu tu, mama."

"Vitu havipangwi kwa fundo," alisema mama.

Kwa siku mbili hakuonekana barazani. Siku ya tatu Soli alibisha hodi nyumbani kwao, akiwa na kiatu kimoja cha mtu kwapani kana kwamba kimemsindikiza. Alisikia kiti kikiondolewa nyuma ya mlango. Alisimuliwa yote pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini, mama asisikie, hata kwamba mwalimu alipiga tena kusema yule bwana bado anakuja kila siku.

"Sasa unakimbia mtu usiyemjua," alisema Soli.

"Namkimbia kwa kuwa yeye ananijua."

"Hajakujua. Ameijua nyumba." Soli alikiangalia kile kiatu. "Sikia, dada. Mimi hakuna orodha iliyowahi kunitaka, hata ya harusi huwa wananisahau. Kesho nitakwenda kukaa mle ndani. Wewe ukae nje, kwenye kibanda cha chai, umwangalie uso anapoingia. Ukimtambua, ondoka. Basi ndiyo uhame."

Ndivyo walivyofanya. Soli alikaa kwenye benchi la ukumbi tangu mlango ulipofunguliwa, miguu amekunja, akizitazama kazi za watu kwa makini kama mnunuzi. Mama Viraka alikaa na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Saa nne ikapita. Saa tano kasoro dakika chache akaja mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, na mwavuli mweusi ingawa angani hapakuwa na wingu.

Alipita hatua tano kutoka kwenye kibanda.

"Nyuso tano nimezibeba miaka kumi na minne," anasema Mama Viraka. "Nikaziweka moja moja juu ya uso wake. Haukukaa hata mmoja. Lakini nikajiambia, watu wananenepa, wanaota mvi. Nikasema, Mungu wangu, nikimbie au niingie?"

Alikaa hapo mpaka chai ikaweka utando. Kilichomwinua, anasema, ni fikra ya kumwamsha mama yake tena, kumshika mkono tena, na kumwongoza kwenda mji wa tano akiwa haoni njia. Alijikuta amesimama.

Ndani ya ukumbi Soli alikuwa ameshaanza mazungumzo. "Kazi nzuri hii," alikuwa anasema.

"Nzuri sana," alijibu mwenye mwavuli. "Ila imegeuzwa."

"Na wewe," alisema Mama Viraka kutoka nyuma yao, "jiko letu umelijuaje?"

Yule bwana aligeuka. Alirudi nyuma hatua mbili mpaka bega likagusa kitambaa, mwavuli ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Sikuja kwa ubaya, mama," alisema. "Mimi ndiye ninayekaa mle."

Mama Viraka anasimulia sehemu hii polepole, sindano imesimama hewani. "Nikamwangalia hivi nikaona, kumbe ananiogopa. Mimi niliyelala na mzigo kitandani."

Bwana yule aliinunua nyumba miaka kumi iliyopita, kwa mtu mwingine, na karatasi anayo. Hakuuliza waliotangulia walikwenda wapi. Mkewe ndiye aliyeiona picha gazetini na kuyatambua yale matundu matatu. Bwana akadhani watu wakitundika nyumba yao hadharani, hatua inayofuata ni kuidai. Akasafiri mwendo wa saa tano kuja kusoma kilichoandikwa chini yake. Hakukuta maandishi. Alikuta jiko upande usio wake, akapata nafuu. Akasema labda siyo yenyewe. Akarudi siku ya pili ili ajiridhishe, na ya tatu, na zilizofuata, na kila alipotazama alizidi kujua kwamba ndiyo.

"Nyumba sidai," Mama Viraka alimwambia. "Nadai uniambie kama unakuja na wenzako."

"Nimekuja peke yangu. Na kuna jambo linanikera moyoni."

Soli alimsogezea benchi. Akakaa, akalieleza jambo lenyewe macho yakiwa sakafuni.

Miaka saba iliyopita alikuja mtu getini kwake, akajitambulisha kuwa ni mpwa wa mama mwenye nyumba wa zamani. Alikuwa anamtafuta mume wa mama huyo, yule seremala. Aliacha karatasi yenye namba ya simu, akasema mzee akitokea apewe. Mama Viraka aliijua habari hiyo, maana wao ndio waliomtuma. Mpwa alirudi akasema karatasi imepokelewa, wakangoja simu ambayo haikulia.

Mwaka uliofuata, mchana, alikuja mzee. Alikuwa mrefu, na ukucha wa kidole gumba umebapa. Hakuomba kuingia. Alisimama getini akiitazama nyumba, halafu akauliza kama kuna watu waliokuja kumuulizia.

"Nikamwambia hakuna," alisema yule bwana.

"Na karatasi?"

"Nilikuwa nimeshaichoma jikoni. Nilisema wakikutana watarudi kundi zima."

Soli aliinama akaanza kuchunguza viatu vyake mwenyewe.

"Hakugomba," aliendelea yule bwana. "Alisema asante. Alipofika mbali kidogo akarudi. Nikajua sasa imekuwa vita. Akaniambia dirisha la jiko nimelipandisha mno, mpishi hawezi kuona nani yuko mlangoni. Akaondoka, akashika barabara ya juu, ile ya kwenda kwenye machimbo."

Hapo Mama Viraka alikaa chini, sakafuni, katikati ya ukumbi wa watu. Ukucha ungeweza kuwa wa fundi yeyote. Lile neno la dirisha lilikuwa la mtu mmoja tu duniani.

Baba yake alikuwa hai miaka sita iliyopita. Alifika mlangoni kwake mwenyewe akaambiwa hakuna anayemtafuta.

Anakiri kwamba alitaka kumpiga yule bwana kwa mwavuli wake. Hakumpiga. "Nilijua anachokisema," anasema. "Mtu mwenye hofu anachoma kwanza, anafikiri baadaye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga mzigo bila kumwambia mama ukweli."

Alimwambia mama yake alasiri hiyo hiyo. Mama alikuwa anachagua mchele kwa kuupapasa, sinia mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho. Mkono haukusimama.

"Alikuwa na viatu?" aliuliza.

"Sikuuliza, mama."

"Ungeuliza."

Mchele ulikwisha kuchaguliwa, akaanza kuuchagua upya.

Mama Viraka alisema kwamba maonyesho yakiisha atakifumua kitambaa na kukishona upya, jiko lirudi mahali pake.

"Usifumue," alisema mama. "Mimi nilijua tangu siku ile uliyoniwekea mapajani. Nilikuta jiko mkono wa kushoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifurahi. Nilisema Mungu ametuficha. Atakayekuja kututafuta kwa shari ataingilia ukutani."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu mmoja hawezi kuona kipimo kibaya akanyamaza. Unamjua. Kwenye msiba wa kaka yake, watu wanalia, yeye anamwambia fundi wa jeneza kwamba bawaba hazilingani." Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kitu kikiwa sawa atakipita. Kikikosewa atasimama, atasema. Kipelekwe huko kwenye machimbo, kikiwa vivyo hivyo."

"Na wale watano, mama? Nao waliingia ndani."

"Waliingia. Lakini hawakuangalia nyumba. Waliangalia vitu."

Neno hilo lilimtosha mama. Binti halijamtosha mpaka leo. "Yule wa karatasi aliniomba samahani aliponikanyaga," anasema. "Mtu anayeangalia mahali anapokanyaga, huyo anaangalia na mengine."

Hata hivyo kitambaa kilisafiri. Mwalimu alikipatia nafasi kwenye ukumbi wa mikutano wa mji wa machimbo, na sasa kina wiki ya tano huko. Chini yake kuna kadi isiyo na jina la mtu. Imeandikwa: Anayeijua nyumba hii apige simu. Namba iliyowekwa ni ya Soli. Yule bwana wa mwavuli naye ameibandika namba hiyo hiyo getini kwake, kwenye ubao, kwa rangi nyeupe. Aliwatumia picha ya ubao huo bila maneno yoyote.

Tangu hapo, simu ya Soli ikilia, baraza zima linanyamaza. Mama Viraka anaondoa mguu kwenye pedali. Mwenye duka la vyombo anapunguza redio. Soli anafuta gundi vidoleni, anasema "Haloo," na kila mtu anausoma uso wake.

Zimeingia simu tisa. Saba zilikuwa za viatu. Ya nane ilikuwa ya mwanamke aliyetaka kujua kama nyumba inauzwa.

Ya tisa iliingia Alhamisi iliyopita. Aliyepiga hakusema kitu. Soli alisema haloo mara tatu, akasikia mtu anapumua, na nyuma yake sauti kama ya mashine za kupasua mawe. Kisha ikakatwa. Alipojaribu kupiga, namba ilikuwa imezimwa.

Mama, alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa salamu. "Hakuwahi kuipenda simu," alisema.

Mama Viraka hajui. Anaizungusha ile pumzi kichwani kutwa kucha. Siku hiyo alivunja sindano mbili. "Anaweza kuwa baba," anasema. "Wanaweza kuwa wao. Pumzi haina sura."

Ule mzigo wake haujafunguliwa. Uko pale pale nyuma ya mlango, na asubuhi akiamka anaugusa kwa mguu kuhakikisha upo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, anafunga cherehani kwa siku kumi. Wateja wameshaambiwa. Atakwenda mji wa machimbo na mama yake, ambaye amekataa katakata kuachwa, na amekwisha kununua viatu vya kiume, namba arobaini na tatu, kwa kukisia. Mwalimu amewaombea chumba kwa mlinzi wa ukumbi. Soli naye anasema atakwenda siku mbili za mwanzo, kwa kuwa hajawahi kuona machimbo na kwa kuwa huko viatu vinakatika sana.

Mpango wenyewe ni mfupi. "Nitachukua kazi za mkono, vifungo na pindo, nikae kwenye kona kama mfanyakazi wa pale," anasema. "Sitasema na mtu. Nitashona, nisikilize nani ataingia aseme jiko limekosewa."

Na akiwa ni mmoja wa wale watano?

Anakata uzi kwa meno. Suruali ya kijivu imekwisha. Anaikunja, anaipiga kofi la kuinyoosha, anaiweka pembeni.

"Nitajua kwa kuwa atakuwa na adabu," anasema. "Baba hana adabu kwenye vipimo. Kama ni baba, atanigombeza kabla hajanisalimia."